Rivyuu: Frigate kwenye kamera sita za duka, fremu 5 kwa sekunde na bando halikauki

Wakuu, hii ni rivyuu ya Frigate, ile programu ya bure ya kurekodi kamera za mtandao, na naiandika kwa sababu kila mtu akiuliza kamera gani nzuri majibu yanakuwa megapikseli ngapi na fremu ngapi (yaani picha ngapi kila sekunde), hamna anayeuliza hizo fremu zinaenda wapi na nani anazilipia. Mi naitumia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu huku Mbagala, kamera sita, mbili ndani na nne nje, pamoja na yadi ya mbao na nondo. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata nitaieleza huko chini.

Kabla ya hapo kulikuwa na rekoda ya kawaida ya kununua dukani, brandi siitaji, na fundi aliyefunga aliacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani: kamera zote megapikseli 4, fremu 25 kwa sekunde, bitireti (kiasi cha data kinachotoka kila sekunde) megabiti 6 kwa kila kamera. Sasa piga hesabu na mimi. Megabiti 6 kila sekunde ukizidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima ukagawa kwa 8 upate baiti, ni GB 64.8 kwa kamera moja kwa siku, kamera sita ni karibu GB 389, diski ya TB 2 inajaa ndani ya siku tano na kitu afu inaanza kufuta ya zamani. Siku tano! Mteja anakuja baada ya wiki anasema nililetewa mifuko pungufu, unakwenda kutafuta picha, hamna. Na muda wote huo kamera ya stoo inarekodi ukuta na ngazi kwa fremu 25 kila sekunde, usiku kucha, hakuna hata paka anayepita.

Watu wengi hapa wanachanganya vitu viwili, kwahiyo nivitenge kabisa. Video inayotoka kamera kwenda rekoda inapita kwenye waya wenu wa ndani, haigusi intaneti, haili bando, duka lisilo na intaneti kabisa linarekodi vizuri tu. Kamera sita za megabiti 6 ni megabiti 36, na swichi ya kawaida ya mtandao ina megabiti 100 kwa kila tundu la kamera, kwahiyo waya hauna shida (ilimradi usizidi mita 100 kutoka kwenye swichi, hapo ndo mwisho wa kebo ya kawaida ya mtandao). Shida inaanza sehemu tatu: diski, prosesa ya mashine inayochambua picha, na pale shemeji anapotaka kuangalia duka akiwa Morogoro kwa simu, maana hapo video inapanda kutoka dukani kwenda nje, na laini nyingi zinashusha kwa kasi lakini kupandisha ni kidogo sana. Ukitaka kujua ubora wa mfumo wa kamera angalia unavyoshughulika na hizo sehemu tatu, megapikseli baadae.

Frigate ilianzishwa na Blake Blackshear na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inakaa ndani ya Docker (kama kasha la kuendeshea programu) kwenye kompyuta ya Linux, na inatambua vitu yenyewe hapo hapo kwenye mashine yako, picha hazipelekwi kwenye seva ya mtu ng'ambo ili zikachambuliwe. Kwa kuanzia inafuatilia mtu tu; gari, pikipiki, mbwa na vingine unaongeza mwenyewe. Mi nimeiweka kwenye kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, ile inayokula umeme kidogo, na kwa Intel kuna OpenVINO inayotumia grafiki ya humo humo ndani kutambua vitu, kwahiyo hulazimiki kununua kifaa kingine cha pembeni. Umeme ukikatika UPS ndogo inabeba kompyuta, swichi na kamera zote maana kamera zinapata umeme kwenye waya huo huo wa mtandao.

Sasa uzuri wenyewe. Karibu kila kamera ya mtandao inatoa strimu (mikondo ya video) mbili kwa wakati mmoja, kubwa na ndogo. Rekoda nyingi zinakuficha hilo, Frigate inakulazimisha uandike kwa mkono wako: strimu hii kazi yake ni kutambua, strimu hii kazi yake ni kurekodi. Ile ya kurekodi inahifadhiwa kama ilivyotoka kwenye kamera, haidikodiwi (yaani haifunguliwi kuwa picha) wala kubanwa upya, kwahiyo prosesa haichoki kabisa. Ile ya kutambua ndo inayodikodiwa fremu kwa fremu, na hapo wenyewe wanashauri fremu 5 kwa sekunde. Mi nimeweka strimu ndogo ya 640 kwa 360, fremu 5, bitireti kilobiti 256.

Angalia tofauti yake. Picha ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400. Picha ya 640 kwa 360 ina pikseli 230,400. Hiyo ni mara 16 kamili. Afu fremu 25 dhidi ya 5 ni mara 5 nyingine. Jumla mashine yako inafanya kazi ndogo mara 80 kwa kila kamera, na mtu asiye mbali sana na kamera inamtambua vile vile. Ndo maana kompyuta ndogo inabeba kamera sita bila feni kupiga kelele. Na hata hizo fremu 5 haipeleki zote kwenye utambuzi, kwanza inaangalia kama kuna kitu kimecheza kwenye picha, kikicheza ndo inakata kile kipande tu inauliza hiki ni nini.

Shemeji aliposikia fremu 5 akakataa. Akasema, "Sasa shem, si itakuwa inakatikakatika, mtu akiiba si atapita katikati?" Swali zuri na nililijibu kwa hesabu. Mtu anayetembea kawaida anaenda kama mita 1.4 kwa sekunde, kwahiyo kwa fremu 5 kati ya picha moja na nyingine kasogea sentimita 28. Hawezi kupita katikati ya picha mlango wa duka bila kuonekana, utampata mara nyingi tu. Halafu hizo 5 ni za mashine kutambua, ushahidi unarekodiwa kwenye strimu kubwa yenye fremu zake nyingine. Kwenye strimu kubwa ndo nimegawa kwa kazi: kaunta ya pesa fremu 15 kwa sababu unataka kuona vidole vikihesabu noti, na geti fremu 15 kwa sababu ya pikipiki na magari. Zilizobaki nne, stoo, yadi pande mbili na upande wa nyuma, fremu 10. Hamna aliyewahi kuangalia rekodi ya yadi akalalamika.

Sasa hili naomba mlisome polepole maana mafundi wengi wanalikosea: kupunguza fremu peke yake hakupunguzi mtandao wala diski. Kama kamera imewekwa bitireti isiyobadilika, ile CBR, ukiiambia megabiti 6 itatoa megabiti 6 hata ukiweka fremu 2, itachofanya ni kuipa kila fremu biti nyingi zaidi. Mtu anashusha fremu kutoka 25 hadi 12, anaangalia diski inajaa vile vile, anasema hii kitu haifanyi kazi. Lazima ushushe na bitireti yenyewe. Na usitegemee kwamba fremu nusu ni bitireti nusu, kwa sababu kwenye H.264 na H.265 (hizo ndo kodeki, njia za kubana video) fremu nzima inatumwa mara moja moja tu, zile za katikati zinabeba mabadiliko tu na zenyewe ni ndogo. Kutoka 25 kwenda 12 unaweza kushusha bitireti kwa kiasi fulani bila picha kuharibika ila sio nusu kwa nusu. Mi kwangu kaunta na geti nimeweka kikomo cha megabiti 4, nyingine nne megabiti 2, na nimetumia VBR, ile inayopanda na kushuka kufuatana na kinachotokea mbele ya kamera, na kikomo juu yake. Hata ikienda kwenye kikomo muda wote, hiyo inafika kama GB 173 kwa siku badala ya 389.

Hizo fremu nzima nazo zina setingi yake kwenye kamera, inaitwa I-frame interval, na hapa watu wanapata tabu bila kujua chanzo. Iweke sawa na idadi ya fremu, kamera ya fremu 15 weka 15, ya 10 weka 10, ya 5 weka 5, maana yake kila sekunde inakuja picha nzima moja. Ukiacha kubwa, mfano fremu 5 na interval 50, ukifungua kamera kwenye simu unasubiri hadi sekunde 10 ndo picha itokee, kwa sababu kicheza video hakiwezi kuanza mpaka kipate fremu nzima. Frigate inakata rekodi vipande vya kama sekunde 10 na ukataji unafuata hizo fremu nzima. Kwa sababu hiyo hiyo zima zile kodeki zenye alama ya kujumlisha, zinazojiita smart, zinarefusha interval zenyewe kukiwa kimya. Zinaokoa diski kweli, ila hapa zitakusumbua.

Turudi kwenye pikipiki getini maana hapa nimeona watu wanapoteza hela. Bodaboda anapita kwa kilomita 40 kwa saa, hiyo ni mita 11 kwa sekunde. Namba haisomeki, mwenye duka anaambiwa nunua kamera ya fremu 60. Hapana! Ukungu kwenye namba unatokana na shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie kwa kila fremu, fremu ngapi kwa sekunde hazihusiki hapo. Shata ikiwa 1/25, pikipiki imesogea sentimita 44 wakati picha moja tu inapigwa, hutasoma kitu, na hata fremu 60 zenye shata ya 1/60 bado inasogea kama sentimita 18. Ukiweka 1/500 inasogea sentimita 2 na ushee, na namba inakaa. Mchana jua la Dar linatosha kabisa kwa 1/500, usiku itabidi uongeze taa getini. Setingi hiyo iko kwenye kamera yenyewe, Frigate haihusiki, lakini fremu 15 zilizo kali zinashinda 60 zenye ukungu na zinakula robo ya kazi.

Kingine cha kwenye kamera, umeme wetu ni wa 50 Hz na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwahiyo ingia kwenye kamera uchague 50 Hz au PAL. Kamera nyingine zinakuja zimewekwa 60, ndo unaona ile mistari inapanda na kushuka chini ya taa za tyubu. Mistari hiyo sio kero ya macho tu, kamera inaiona kama picha nzima inabadilika kila fremu, bitireti inaruka bila sababu na mashine inadhani kuna kitu kinatembea.

Na usiku. Usiku ndo kipimo cha kweli cha bitireti, watu wanapima mchana wanaridhika. Giza likiingia kamera inaongeza usikivu, picha inajaa chenga chenga, na chenga kila fremu ni mpya kwahiyo kodeki haina cha kurudia, inatuma kila kitu upya. Ile kamera ya nyuma isiyo na taa ndo ilikuwa inagonga kikomo usiku kuliko hata ya kaunta mchana na wateja wamejaa. Taa moja ya LED ukutani ikaishusha. Msimu wa mvua ongeza kumbikumbi, wanafuata taa, wanapita sentimita chache mbele ya lenzi wakubwa kama ndege. Rekoda ya zamani ilikuwa inapiga arifa simu ya shemeji usiku mzima mpaka akazizima zote, na arifa zikizimwa kamera imebaki pambo. Kwenye Frigate kumbikumbi wanahesabika kama mwendo lakini sio mtu, kwahiyo simu hailii. Kuna na maski za mwendo, unachora juu ya picha sehemu ambayo isihesabiwe, mi nimeziba maandishi ya saa pembeni na minazi ya jirani inayocheza na upepo. Ila usizibe sehemu kubwa, ukiziba njia ya mtu mashine inampoteza katikati.

Kuangalia ukiwa mbali ndo kilichomfanya shemeji aikubali. Ukifungua ukurasa wa kamera zote, zile ambazo hakuna kinachotokea zinabadilisha picha mara moja tu kwa dakika. Imetulia kabisa, unaona kama picha za ukutani. Mtu akiingia yadi, kile kiboksi chake tu kinageuka kuwa video hai, akitoka kinarudi kutulia. Yuko Morogoro amekaa, anaona viboksi vitano vimeganda na kimoja kijana anashusha mifuko ya saruji kwenye guta, basi anajua pa kuangalia bila kutafuta. Na hesabu ya bando: strimu kubwa ya megabiti 4 ukiiangalia saa moja ni GB 1.8. Strimu ndogo ya kilobiti 256 saa moja ni MB 115. Mtu anayeweka bando la wiki anaelewa mwenyewe hiyo tofauti. Nimemwekea inafungua ndogo kwanza, kubwa anaichagua akitaka kuona sura.

Ndani yake kuna go2rtc, hii inafungua kamera mara moja tu afu inagawa kwa wote wanaotazama, hata watazame watu wanne kamera inaona mtu mmoja. Kamera za bei rahisi zikifunguliwa na wengi kwa pamoja zinaganda, kwahiyo hicho kipengele kinaokoa kamera yenyewe. Haiongezi kasi ya kupandisha ya laini yenu lakini, watu wanne nje ya duka ni mzigo mara nne kwenye laini, hilo lijueni.

Diski sasa. Rekodi inakaa kwanza kwenye RAM, inaangaliwa, na unaweza kusema zile zisizo na mwendo zisiandikwe kabisa kwenye diski. Nimeweka siku tatu rekodi ya kila kitu, baada ya hapo yanabaki matukio yenye mtu au gari tu. Diski ile ile ya TB 2 sasa hivi ina picha za mwezi uliopita na bado haijajaa.

Nyota niliyokata ni kwa sababu ya setapu. Bado sehemu kubwa unaandika faili la YAML (faili la maandishi la setingi) kwa mkono, na YAML haikubali kitufe cha Tab, ni nafasi tu, ukikosea nafasi mbili inagoma kufanya kazi. Fundi wa kawaida wa kamera aliyezoea kubonyeza kwenye skrini ataikimbia. Hamna apu rasmi ya simu ya kushusha, unafungua kwa brauza unaiweka kwenye skrini kama apu, inatosha lakini wazee watauliza apu iko wapi. Kuiona ukiwa nje inabidi uweke VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa dukani) mwenyewe, Tailscale au WireGuard, na tafadhali msifungue mlango (port) wa 5000 kwenye rauta, huo hauna nywila kabisa, wenye nywila ni 8971, na hata huo mi napendelea ukae nyuma ya VPN. Na H.265 ambayo inaokoa diski sana ukilinganisha na H.264, brauza nyingine haziifungui, ndo maana mi nimebaki H.264 kote. Kamera za Wi-Fi nazo sikushauri kwa mfumo huu, zinagombania hewa moja na simu za wateja na fremu zinadondoka hovyo.

Kwa nyumba yenye kamera mbili ambayo hamna mtu wa kuigusa, chukua rekoda ya kawaida, ingia kwenye setingi ushushe bitireti na fremu kama nilivyoeleza, utapata nusu ya faida bila Linux. Kwa duka, shule, gesti au yadi yenye kamera nne kupanda na kijana mmoja anayeelewa kompyuta, chukua Frigate. Anza na kamera moja tu, fungua ile sehemu ya debug uone viboksi vinavyochorwa juu ya watu, hakikisha fremu zinazoingia ni 5 kweli maana kamera nyingine zinasema 5 zinatoa 15, ndo uongeze ya pili. Na kabla hujapandisha toleo jipya nakili faili lako la setingi pembeni, majina ya vipengele yanabadilika kati ya toleo na toleo. Nani ana kamera za zamani zisizo na strimu ndogo? Weka modeli hapa chini tuangalie pamoja, kuna nyingine zinakubali ukishaingia kwenye setingi zake kwa kompyuta badala ya simu.